Majina Kwenye Mlango wa Choo

Nyumbani kwa Hillie Wolting, ukiingia chooni na kufunga mlango, macho yako yanaangukia majina. Kalenda ya siku za kuzaliwa imetundikwa mlangoni kwa ndani, kama ilivyo katika kila nyumba ya kijiji kile cha Kiholanzi cha mifereji huko Drenthe, mahali ambapo mtu hawezi kuikwepa hata akitaka. Haina mwaka wala siku za juma. Ina miezi na tarehe tu, na kila tarehe ina mstari wake wa kuandikia jina. Ya Hillie ilikuwa na miaka arobaini na miwili, na picha zake za vinu vya upepo zilikuwa zimepauka zote, lakini majina yalisomeka: ndugu, majirani, wenzake wa kazini, watoto wa watoto wa majirani. Aliyekufa aliwekewa kimsalaba kidogo mbele ya jina. Hakufutwa. Hillie hakuwa mtu wa kumfuta mtu.

Jina moja lilikosa msalaba wake. Machi, tarehe kumi na nne: Jurjen. Huyu alikuwa mtoto wa pekee wa Roelie, mdogo wake Hillie, na gari lake lilitumbukia mferejini asubuhi moja ya ukungu akiwa na miaka ishirini na minne. Sasa ilikuwa mwaka wa sita. Kila Machi Hillie aliingia chooni na kalamu, akaketi, akaitazama ile J aliyoiandika mwenyewe wiki aliyozaliwa yule mtoto, kisha akarudi jikoni na kalamu yake. Mwakani, alijiambia.

Wala usidhani alikuwa mwanamke wa kuogopa ogopa. Miaka ishirini na sita alisimama kwenye kibanda cha kupimia viazi katika kiwanda cha wanga. Lori la mkulima likiingia, yeye ndiye aliyechota sampuli, akaiosha, akaipima, akatamka ni kiasi gani cha mzigo ule ni viazi na kiasi gani ni udongo. Udongo haulipwi. Wakulima walimbembeleza, walimtania, Krismasi ikikaribia walimletea soseji za kukaushwa kwa moshi. Soseji zilirudi kwa wenyewe na udongo ukaandikwa ule ule.

"We Hillie, huna hata chembe ya huruma," walimwambia.

"Mimi ninayo," alijibu. "Mizani ndiyo haina."

Basi mwanamke huyo huyo, akiwa amebakiza miezi michache kutimiza miaka sabini, alikuwa na makasha kadhaa yaliyofichwa katika kabati la nguo la marehemu mumewe, na hakuna aliyeambiwa, hata mwanawe Harm, hata Roelie ambaye walikuwa wakiambiana mpaka ndoto.

Makasha yalitoka kwa binti yake, Jantina. Alikuwa mtengeneza nywele kwa miaka kumi na minane mpaka mabega yalipomkataa, na alipokaa nyumbani akiangalia mvua ndipo biashara ya mtandao ilipobisha hodi. Kampuni iliuza mafuta ya mimea kwenye vichupa: ya usingizi, ya viungo, ya kuondoa huzuni. Lakini vichupa vilikuwa kisingizio. Kazi hasa ilikuwa kuingiza watu. Unawaweka watu chini yako, nao wanaweka wao chini yao, na wewe unapanda daraja: Shaba, Fedha, Zumaridi. Aliyekuwa juu ya Jantina aliitwa Mirthe, wa mjini Zwolle. Hillie hakuwahi kumtia machoni. Alimjua kwa sauti tu, ikitoka kwenye simu ya binti yake, nyororo na yenye haraka.

Kabla ya mambo hayo Jantina alikuwa akimtembelea mama yake mara moja kwa mwezi, na koti havui. Hillie alipotia sahihi kuwa mteja wa kila mwezi, chini ya Jantina, mambo yalibadilika. Kila Jumanne saa nne asubuhi baiskeli iliegemezwa kwenye ua wa michongoma. Jumanne moja alileta kasha, nyingine tatu alikuja kuangalia kama mama anatumia sawasawa. Koti alilivua. Alikunywa vikombe viwili vya kahawa, akacheka, akasimulia.

"Na usingizi, Mama? Unaona tofauti?"

"Nalala kama gogo."

Alikuwa akilala kama gogo tangu azaliwe, bila mafuta ya mtu. Kasha likipokelewa lilikwenda moja kwa moja kabatini, chini ya suti za marehemu Albert. Waswahili husema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hillie hakuijua methali hiyo, ila alikuwa akiiishi kila Jumanne. Aliogopa kitu kimoja tu: kwamba siku atakayosema basi, binti yake atarudi kuwa mtu wa kutovua koti.

Harm, fundi umeme, kaka mkubwa wa Jantina, hakuwa na hofu ya namna hiyo. Dada yake alikuwa amewapigia simu wafanyakazi wenzake sita, mmoja baada ya mwingine, akijitambulisha kuwa ni dada wa Harm. "Ukitaja mafuta mbele yangu tena," alimwambia, "usilitaje jina langu." Tangu hapo wawili hao walisalimiana kwenye siku za kuzaliwa tu, kwa kuwa hizo hazikwepeki.

Mwezi wa Januari Jantina alisema anataka kumsaidia mama kuandaa sherehe ya miaka sabini. Aliomba daftari la anwani ili atume mialiko. Hillie alifurahi, akampa. Siku ile Jantina aliingia chooni akakawia sana, na mama mtu akadhani ni tumbo. Kumbe binti alikuwa anapiga picha kalenda, mwezi baada ya mwezi. Kampuni ilikuwa inafundisha hivi: andika majina mia moja ya watu unaowajua. Jantina hakuwa na watu mia waliobaki wa kupokea simu zake. Mama yake alikuwa nao, na walikuwa wamening'inia mlangoni na tarehe zao.

Picha zilikwenda kwa Mirthe pamoja na kurasa za daftari, na kwa Mirthe zikaingizwa kwenye kompyuta, kila jina la kalenda likapachikwa anwani yake ya daftarini. Jantina angelisoma lile jina la Machi, angelitoa. Alimpenda binamu yake, alimbeba mgongoni. Lakini hakusoma. Alipiga picha tu.

Tarehe kumi na nne Machi, Roelie aliyeishi vijiji viwili kutoka hapo alifungua kisanduku chake cha barua akakuta bahasha ya kijani iliyofika jana yake. "Hongera, Jurjen!" iliandikwa ndani, kwa mwandiko uliofanana na wa mtu. "Mwaka huu jipe zawadi unayostahili." Chini yake palikuwa na kichupa kidogo cha majaribio kilichoitwa Usingizi wa Amani.

Alipiga simu mchana.

"Hillie."

"Roelie! Nilikuwa nataka kukupigia mimi, maana leo ni..."

"Nani amewapa jina lake?"

Akataja bahasha ya kijani, rangi ile ile ya makasha ya Jantina, akamsomea kadi, neno kwa neno, pamoja na lile la kwenye kichupa.

"Anwani imeandikwa namba kumi na saba A," Roelie akaendelea. "Hapa kwangu hakuna A. Haijawahi kuwapo. Duniani kote ni wewe peke yako unayeandika A, tangu nihamie. Basi nakuuliza tena. Nani amewapa?"

Hillie alijua. Alijua tangu neno kijani. Daftari, mialiko, kukawia chooni, vyote vilijipanga mbele yake.

"Sijui," akasema.

Mwanamke wa mizani, aliyerudisha soseji za watu miaka ishirini na sita, akasema sijui. Nalisema hili bila kumsitiri, kwa sababu mwishowe yeye mwenyewe hakujisitiri.

"Sawa," Roelie alisema. "Siku yako, tarehe ishirini na nane, utakaa na watoto wako. Mimi kwenye duara moja la viti na Jantina siketi."

Tangu Roelie ajue kukaa kitini, hakuwahi kukosa siku ya kuzaliwa ya dada yake. Hata mwaka aliomzika Jurjen alikuja, akakaa pale dirishani, akala kipande chake cha keki bila kusema neno, akaenda zake.

Jumanne iliyofuata Hillie hakungoja kahawa ichujike. "Umemwandikia Jurjen," alisema.

Jantina alisoma ile picha ya kadi ambayo Roelie alikuwa amemtumia Hillie kwa simu, na uso ukamwisha damu. Akalia, kilio cha kweli.

"Ni kompyuta, Mama. Si mimi. Mimi sijaandika hata herufi."

"Nenda kamwombe radhi."

"Nitaenda. Haki ya Mungu nitaenda. Mwezi ukiisha."

"Kwa nini mwezi uishe?"

"Nimebakiza wawili. Watu wawili tu, mpaka tarehe thelathini na moja, niwe Zumaridi. Nikianza sasa kuomba samahani huku na huku nitavunjika moyo, Mirthe anasema mtu lazima..."

"Mirthe anamjua mama yako mdogo?"

"Mama, usinifanyie hivyo."

Mkono wa Jantina ulikuwa umeshika koti lililotundikwa nyuma ya kiti. Hillie aliuona ule mkono. Maneno yaliyokuwa yamemjaa kinywani aliyameza yote, yakabaki machache tu.

"Siku yangu, usije na kitu hapa."

"Siji na kitu."

"Apa."

"Naapa, Mama. Nikae sasa?"

Akakaa. Wakanywa kahawa.

Harm alipopata habari alikuja na gari la kazi, akaliacha na taa zinawaka. "Chagua, Mama. Jantina au mama mdogo."

"Mimi siwezi kuchagua kati ya mtoto na ndugu."

"Mbona udongo na viazi ulikuwa unachagua?"

"Toka nyumbani kwangu, Harm," Hillie alisema, na Harm akatoka, maana alijua amempiga mahali panapouma.

Roelie hakupokea simu. Siku nne kabla ya tarehe, Hillie alikaa mezani akaandika barua kwa mkono. Haikuwa ndefu. *Daftari nilitoa mimi. Niliposema sijui nilidanganya. Kiti chako kitakuwa dirishani kama siku zote.* Juu ya bahasha aliandika kumi na saba, akaitazama ile nafasi iliyobaki baada ya namba, akaiacha tupu. Kuhusu makasha hakuandika neno. Ukweli wa nusu nao una namna yake ya kumfariji mtu.

Tarehe ishirini na nane ilikuwa Jumapili. Saa tisa alasiri viti kumi na kimoja vilikuwa vimepangwa duara sebuleni, vya mezani, vya jikoni, na viwili vya bustani vilivyofutwa utando wa buibui. Kila aliyeingia alizunguka duara kama desturi inavyotaka, akampa mkono kila aliyeketi, maana kwao hongera si ya mwenye siku peke yake. "Hongera kwa mama yako, Harm." "Hongera kwa jirani yako, Bertus." Huwezi kuruka mtu. Anayeruka mtu ametangaza vita.

Bertus, jirani yake kwa miaka thelathini, alimaliza mzunguko wake akajitupa kwenye kiti cha dirishani.

"Hicho si chako, Bertus."

"Mbona kitupu?"

"Si chako."

Bertus akahama na sahani yake ya keki, akinung'unika kwamba kwenye nyumba hii hata viti vina majina.

Jantina alifika saa tisa na nusu, amejipamba, midomo ameipaka rangi, na begani ana mfuko mkubwa wa kitambaa. Hillie alimkuta ukumbini.

"Ni nini hicho?"

"Zawadi ndogo tu za wageni wako, Mama, shukrani yangu. Sitasema neno. Si biashara."

Ndani palikuwa na vifuko vyeupe vilivyofungwa utepe. Hillie alipaswa kuuchukua ule mfuko pale pale na kuufungia chumbani. Lakini Jantina alikuwa bado hajavua koti, alisimama akingoja kuona uso wa mama yake utakuwaje, na mama yake akasema, "Haya, pita." Jantina akavua koti. Kwa ajili ya koti lile Hillie angekubali lolote, na alikubali.

Jantina alizunguka duara akitoa mkono na kifuko, mkono na kifuko. Watu walipokea kwa adabu, wakaviweka chini ya viti. Harm aliutoa mkono wake, kifuko akakiacha kianguke zuliani. Kisha Jantina akaketi, mfuko magotini.

Kengele ililia tena saa kumi kasorobo.

Roelie alikuwa amevaa koti lake la kijivu, na mkononi ana maua ya tulipu. Alimbusu dada yake mara tatu, mashavuni. "Kumi na saba," alisema kwa sauti ya chini. "Umejifunza." Hillie akayapokea maua.

Kisha Roelie akaanza kuzunguka. Sebule nzima ilijua. Kadi ile ilikuwa imeshazunguka kijiji kuliko tarishi. Bertus. Mke wa Bertus. Wenzake Hillie wawili wa kiwandani. "Hongera kwa dada yako, Roelie." "Asante. Hongera kwa rafiki yako." Harm. "Hongera kwa mama yako, Harm." Bertus aliacha kutafuna. Kiti kilichofuata kilikuwa cha Jantina, naye alikuwa amekwisha kusimama, mfuko begani, mkono wa kulia mbele.

Roelie alisimama mbele yake. Aliutazama ule mkono kwa muda ambao kila mtu mle ndani aliuhesabu kwa namna yake. Halafu akaushika.

"Hongera kwa mama yako, Jantina."

Jantina alifumbua mdomo na machozi yakamjaa, na wakati huo huo mkono wake wa kushoto ukaingia mfukoni, ukatoka na kifuko cheupe, ukakitia kwenye kiganja cha mama yake mdogo. Hakukusudia. Mwaka mzima na zaidi alikuwa akifundishwa: anayekupa mkono asiondoke mkono mtupu. Mkono ulijiendea wenyewe, na Jantina aliuona ulivyofanya ukiwa umeshafanya.

Roelie alikwenda dirishani akaketi. Akafungua utepe taratibu, akatoa kichupa, akakisogeza mbali na macho ili asome.

"Usingizi wa Amani," alisema. "Hiki ninacho. Aliletewa mwanangu."

Akakiweka mezani, kati ya vipande vya jibini na soseji ya ini.

"Mama mdogo, nimesahau, ni mkono tu, haki ya Mungu..."

"Toka," Harm alisema. Alikuwa amesimama.

"Harm, kaa chini," Hillie akasema.

"Sikai! Huyu anawauzia mpaka wafu!"

"Mimi peke yangu?" Jantina alipiga kelele. Shingo ilikuwa imemwiva. "Mnanitazama mimi tu, kila mwaka mimi ndiye mkosaji! Muulizeni Mama! Mama yuko chini yangu, huu mwezi wa kumi na nne! Kila mwezi anachukua, kila mwezi anatumia. Ni yeye peke yake katika ukoo huu anayeamini ninachokifanya!"

Mtama ukawa umemwagika. Nyuso kumi ziligeuka. Harm alimtazama mama yake mdomo wazi, lakini Hillie hakumwona. Alikuwa anamwona Roelie.

"Kweli, Hillie?"

Kulikuwa na majibu mengi. Angeweza kusema Jantina anatia chumvi. Angeweza kusema tutazungumza baadaye, tule kwanza. Angeweza hata kusema sijui, lile alikuwa na uzoefu nalo. Akainuka, akapita katikati ya duara, akaenda chumbani. Wakasikia mlango wa kabati. Akarudi na kasha, akaliweka zuliani katikati yao. Akaenda akarudi na la pili. La tatu. Harm alitaka kumsaidia. "Kaa," alimwambia, na safari hii Harm alikaa. Alipoweka la tano pumzi zilikuwa zimemwishia, akasimama ameshika kiuno.

"Yako mengine tisa," alisema. "Kweli, Roelie."

Jantina hakuwa anamtazama mtu. Alikuwa anatazama gundi. Kila kasha lilikuwa na utepe wake wa gundi wa kiwandani, mzima, haujakatwa. Alipiga magoti akaligeuza la kwanza, akaligeuza la pili.

"Hujafungua."

"Sijafungua."

"Hata moja?"

"Hata moja. Mafuta sikuyahitaji, mwanangu. Nilikuwa nanunua Jumanne."

Nje, jogoo wa Bertus aliwika kama mpumbavu.

"Na kosa ni langu," Hillie aliendelea. "Nilikudanganya, ukaamini yupo mmoja anayekuamini. Ukajenga juu yangu. Kuanzia leo sinunui tena. Litoe jina langu."

"Mama, nikikutoa leo sipandi. Naanguka. Narudi Shaba."

"Najua."

"Tarehe thelathini na moja ni Jumatano hii tu. Siku tatu, Mama. Siku tatu huwezi kunivumilia?"

Hapo ndipo Hillie alipomtazama kama alivyokuwa akilitazama lori la viazi, bila chuki, bila kupepesa. "Siwezi," alisema. "Jumanne kahawa iko pale pale, saa nne. Kuja au kutokuja ni kwako."

Jantina aliinuka. Akavaa koti lake mbele ya watu wote, kifungo kwa kifungo, akatoka. Walimwona dirishani akihangaika na kufuli la baiskeli, mara mbili ufunguo ukamponyoka. Mfuko wa vifuko aliuacha kitini.

"Basi," Bertus alisema hatimaye, "kahawa imebaki?" Na mkewe akampiga kiwiko.

Roelie aliomba kwenda chooni. Akakawia. Kisha sauti yake ikasikika ukumbini. "Hillie. Njoo na kalamu."

Pale ndani ni padogo. Roelie alikuwa amekaa juu ya kifuniko, Hillie akasimama mlangoni, kalenda katikati yao, imefunguliwa Machi.

"Miaka sita," Roelie alisema. "Kila nikija hapa naketi naangalia. Kwa nini hujamwekea?"

"Mkono ulikataa."

"Ulidhani unanihurumia?"

"Sijui," Hillie alisema, na safari hii ilikuwa kweli. "Nadhani nilikuwa najihurumia mimi."

"Mimi nimemzika. Nimefua nguo zake nikazigawa. Halafu nakuja kwa dada yangu nakuta hapa tu ndipo hajafa, na watu wanamtumia zawadi." Akanyoosha mkono. "Lete."

Akachora msalaba mwenyewe, mdogo, ulionyooka, mbele ya ile J. Akaupuliza msalaba kana kwamba wino ungeweza kuchafuka. Hillie akaweka mkono begani mwa mdogo wake, na wakalia pamoja mle chooni, wazee wawili, na kule sebuleni watu wakaongea kwa sauti kubwa kuhusu bei ya vitunguu ili wasisikie.

Jumanne ya kwanza vikombe viwili vilikaa mezani tangu saa nne mpaka saa saba. Hakuja.

Jumanne ya pili kengele ililia saa nne kamili na Hillie nusura apige mweleka ukumbini. Alikuwa kijana wa kuleta vifurushi. Kasha la kumi na tano lilikuwa limeshaagizwa kabla ya mambo yote, na safari hii, badala ya kuletwa kwa baiskeli, lililetwa kwa gari.

"Saini hapa, Mama."

"Sipokei. Lirudishe kwa aliyelituma."

"Aliyelituma ni Jantina Wolting. Ndugu yako?"

"Binti yangu. Nipe kalamu yako kwanza."

Akaandika juu ya kasha, kwa herufi kubwa ili asikosee mtu kusoma: NJOO MIKONO MITUPU. Mkono mtupu haulambwi, watu husema, na huenda ni kweli kwa wengi. Kijana akasoma, akatikisa kichwa, akalirudisha kasha garini.

Jumanne ya tatu mvua ilinyesha. Saa nne ilipita, na nusu yake. Hillie alikuwa amekwisha kumimina kikombe chake peke yake aliposikia chuma kikigusa michongoma. Hakukimbilia mlango. Alikaa, viganja vimeshika meza, mpaka mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe.

Jantina alisimama kwenye kizingiti, maji yakimchuruzika nyweleni. Hakuwa na begi wala mfuko. Mikono hakujua aiweke wapi, akaishika mmoja kwa mwingine.

"Sina kitu, Mama," alisema.

"Naona."

Akavua koti, akalitundika nyuma ya kiti. Akaomba kwenda chooni kwanza. Hillie alimimina kahawa ya pili, akasikiliza. Mle ndani kalenda ilikuwa imefunguliwa Aprili, naye akasikia ukurasa ukigeuzwa nyuma, mmoja tu, na baada ya muda ukigeuzwa tena mbele.

Jantina alirudi macho mekundu, akaketi, akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama mdogo bado anakaa kumi na saba A?" aliuliza.

"Kumi na saba tu," Hillie alisema. "A haipo. Maliza kahawa, mvua ikipungua uende."